Mpira Ulianzia Wapi

Kitwe, 12 Mei 2024

Baba mkubwa Nathanaeli,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa mama mkubwa Tabita. Mimi nakula, nalala, kanisa nimelipata, kwa hiyo nisikucheleweshe na habari za afya. Mgonjwa ni mpira wangu wa gofu.

Naandika kwa utaratibu ulionifundisha, maana najua barua isiyo na hesabu hutaimaliza. Siku tatu za wiki hii, fimbo ndefu, mipira arobaini kila siku. Ulipoanzia: kushoto kwa bendera. Ulivyopinda: kushoto zaidi. Ulipotua: nje ya uzio, au kwenye bwawa la shimo la saba, na mara moja barazani, karibu na sahani ya mzee aliyekuwa anakula nshima, ugali wa huku. Katika mipira mia na ishirini, iliyobaki uwanjani ni hamsini na minne.

Hii haikuwa tabia yangu. Unakumbuka Iyula mpira wangu ulitoka kulia kidogo ukarudi taratibu katikati, kama mbuzi anayejua zizi lake. Ulianza kuharibika mwezi wa nne, baada ya fimbo yangu ndefu kupasuka. Klabu imeniazima seti nzima, fimbo nzuri mno, vishikio vyake vyembamba mpaka ncha za vidole zinagusa kiganja.

Tarehe 29 Juni ni mtihani wa kucheza. Mashimo thelathini na sita kwa siku moja, na mapigo yasizidi mia moja hamsini na manane. Novemba nilizidisha kumi na moja. Machi nilizidisha manne. Sheria ya hapa ni mara tatu tu. Nikifaulu naajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa gofu. Nikishindwa, kibali changu cha kukaa kinaisha tarehe 30, nafunga begi, na hakuna klabu nyingine itakayonipokea na karatasi yenye alama tatu za kushindwa. Nina miaka ishirini na saba, baba mkubwa. Sijui kazi nyingine.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwila, ndiye msimamizi wa mtihani, kwa hiyo haruhusiwi kunielekeza lolote. Sina mwingine ila wewe.

Najua simu huisikii tangu mashine ya kukata nyasi ya Mufindi ikumalizie masikio, na nikimwambia mama mkubwa akupigie kelele habari za uso wa fimbo ataniuliza fimbo ina uso tangu lini. Ndiyo maana nimempa Ombeni, dereva wa lori. Ataiacha dukani kwa Roda pale Mlowo. Ukijibu, iache hapo hapo, ataichukua akirudi na mzigo kutoka Dar.

Mwanao,
Gwantwa Mbonile


Iyula, 20 Mei 2024

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana saa nne asubuhi, nimeisoma mara tatu, nimeinakili kwenye daftari. Umeandika vizuri. Ugonjwa ulioandikwa vizuri unatibika.

Rudi kwenye kanuni. Nilifundishwa na meneja wa mashamba ya chai mwaka 1984, nikiwa kedi wake, mbeba fimbo zake, nami nikakufundisha wewe: mpira huanzia kwenye njia ya fimbo, na humalizia pale uso wa fimbo, ule ubapa unaogonga mpira, ulipotazama. Mpira wako unaanzia kushoto. Basi njia ya fimbo yako inakwenda kushoto. Hakuna jibu lingine.

Usinione nasema kwa kukisia. Nimefungua madaftari. Alhamisi tarehe 3 Agosti 2017: njia ya fimbo kulia, mipira ishirini, yote ilianzia kulia. Alhamisi tarehe 14 Februari 2019: njia kushoto, mipira kumi na mitano, yote ilianzia kushoto. Wewe ulipiga na kutaja, mimi nikaandika, kama siku zote. Nina madaftari tisa hapa mezani, na hakuna hata siku moja ambayo kanuni ilikataa.

Dawa ni hii. Laza kijiti chini, kielekee kulia kwa bendera. Fimbo yako ikishapita mpira ifuate kijiti hicho. Ifanye kama unamwaga beseni la maji kuelekea kulia. Mipira sitini kila siku, bila kuruka hata siku moja.

Mimi sijambo. Macho mazuri, bado nauona mpira mpaka kwenye mkaratusi wa chini. Mama yako mkubwa amechukua kopo la shimo la pili, amepandia vitunguu. Nilipomwuliza alisema, "Wewe mzee, mtoto mwenyewe yuko Zambia, shimo la pili unamwekea nani? Mbuzi?" Kwa hiyo uwanja wetu sasa una mashimo mawili.

Baba yako mkubwa,
N. Mbonile


Kitwe, 30 Mei 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa barua. Nimefanya kama ulivyoagiza: kijiti, beseni la maji, mipira sitini, siku tano sasa. Inasaidia kidogo.

Wasalimie wote. Nitaandika kwa urefu nikipata nafasi.

Gwantwa


Iyula, 6 Juni 2024

Mwanangu,

"Inasaidia kidogo." Nimemsomea mama yako mkubwa maneno hayo mara mbili, na mara ya pili akaniambia alisikia ya kwanza.

Nilijua. Sasa ongeza. Kama kijiti kilikuwa kinaelekea kwenye mti wa kwanza kulia, kielekeze mti wa pili. Fimbo itoke ndani zaidi, karibu na mwili, iende nje zaidi, kulia. Usiogope mgongo ukiona ugeni. Na asitokee mtu wa huko akakubadilisha. Watu wakiona mchezaji anakaribia mtihani kila mmoja anakuwa mwalimu. Fuata kanuni moja tu mpaka tarehe 29.

Hukunipa hesabu safari hii. Mingapi ilibaki uwanjani? Nimeacha nafasi kwenye daftari.

N. Mbonile


Kitwe, 14 Juni 2024

Baba mkubwa,

Sikukupa hesabu kwa sababu ningekupa ungejua.

Haikusaidia. Haikusaidia hata kidogo, tangu siku ya kwanza. Nilipoandika kwamba inasaidia, mkono wangu uliandika wenyewe, jinsi mdomo unavyosema "sijambo" mtu akikuta unalia. Jaza sasa ile nafasi uliyoacha. Juni 10, mipira sitini: kumi na minane uwanjani. Juni 11, mipira sitini: kumi na mitano. Juni 12 nilielekeza kijiti kwenye mti wa pili, kama ulivyoagiza: tisa. Tisa katika sitini! Mingine yote inakwenda kushoto, na sasa haipindi tena, inaanguka kushoto kama jiwe lililofungwa kamba. Mgongo unauma. Kiganja cha kushoto kimechubuka.

Siku zimebaki kumi na tano.

Jana nilikuwa nimesimama mbele ya mpira, barua yako ya pili iko mfukoni, nimeikunja mpaka imeanza kukatika. Mwalimu Mwila alipita na baiskeli yake, akasimama. Haruhusiwi kunielekeza, nilishakwambia. Aliniangalia nikipiga mipira minne, yote minne ikaenda majini. Halafu akasema kwa kile Kiswahili chake cha Nakonde, "Awe, mayo, hapana mama. Wewe hupigi mpira. Wewe unapiga barua." Akapanda baiskeli akaenda.

Vijana wa kubeba fimbo walicheka. Na mimi nilicheka, nikaingia chooni nikafunga mlango.

Usimwambie mama mkubwa anipigie. Simu iliniponyoka kwenye bwawa la shimo la saba, Jumatatu, nikiwa naokota mipira yangu mwenyewe. Haijawaka tena.

Baba mkubwa, najua kanuni haiwezi kuwa na kosa, kwa hiyo kosa ni langu. Lakini nimejipekua kila mahali, silioni. Niambie nafanya nini. Nitafanya chochote utakachosema, hata kama ni kusimama kwa mguu mmoja. Ila usichelewe. Ombeni ataifikisha kwa Roda tarehe 17 au 18, na atageukia Mbeya safari hii, hatafika Dar. Ukimpa jibu kabla ya tarehe 21 nitalipata na siku tatu za kujaribu.

Nikirudi huko bila karatasi sitaweza kupita mbele ya kanisa. Wote walichangia nauli. Wote waliuliza gofu ni nini, nawe uliwaeleza mpaka wakachoka.

Gwantwa


Iyula, 20 Juni 2024

Mwanangu Gwantwa,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata tarehe 18 jioni. Tarehe 19 asubuhi sikunywa chai. Nilichukua wavu mmoja wa kuanikia kahawa, nikausimamisha kwenye miti miwili hatua tatu mbele ya mpira, kama mlango. Katikati ya wavu nikaning'iniza kamba ya katani, ielekee kwenye mkaratusi. Nikakoroga chokaa ndani ya ndoo. Kila mpira niliuchovya kwenye chokaa kabla ya kupiga, ili uache alama pale unapogonga wavu, umbali wa hatua tatu tu, kabla haujapata muda wa kupinda. Chini nikalaza bua la hindi kuonyesha njia ya fimbo.

Mama yako mkubwa alikuja kuuliza kwa nini wavu wake umesimama. Nikamwomba akae awe shahidi. Akakaa juu ya debe, amekunja mikono.

Mipira kumi ya kwanza nilifanya ugonjwa wako: uso wa fimbo umetazama kushoto, njia ya fimbo imeelekea kulia, nifuate bua. Kwa kanuni yangu alama kumi zilipaswa kuwa kulia kwa kamba. Nikapiga. Nikaenda kwenye wavu nikapapasa chokaa mbichi kwa kidole.

Kushoto. Kumi zote.

Nikadhani nimechoka. Nikageuza: uso kulia, njia kushoto. Alama kumi zikawa kulia. Nikarudia tena ya kwanza. Kushoto. Wavu ukatoboka matundu matatu, nikaushusha, nikarudia ugonjwa wako mara kumi bila wavu. Mama yako mkubwa akakunjua mikono, akauliza, "Kwa hiyo mpira unatokea pale fimbo inapotazama, siyo pale inapokwenda?"

Nikasema, naona hivyo.

"Na mtoto ulikuwa unamwambia nini miaka kumi na mmoja?"

Nikafuta chokaa kidoleni. Akasimama, akanyoosha khanga, akasema, "Na hiyo uliyopiga bila wavu yote iliishia kwenye maparachichi ya jirani. Kila ulivyozidi kusukuma fimbo kulia ndivyo mpira ulivyozidi kupinda kushoto. Hata mimi nisiyejua nimeona."

Kanuni yangu imegeuka miguu juu. Uso wa fimbo ndio unaoamua mpira uanzie wapi. Kupinda kunatokana na ugomvi kati ya njia na uso: uso ukitazama kushoto kwa njia, mpira utapinda kushoto, na ugomvi ukizidi, kupinda kunazidi. Mpira wako ulianzia kushoto kwa sababu uso ulitazama kushoto. Njia yako haikuwa na shida. Mimi nikakuambia uipeleke kulia, kisha kulia zaidi. Nilikuwa nakuongezea ugonjwa na kuuita dawa. Ile tisa katika sitini ni yangu. Nimeiandika kwa jina langu.

Utauliza, ilikuwaje mtu akae na mpira miaka arobaini asione? Nilikuwa kedi. Kedi hautazami mpira unapoondoka. Anatazama mbele, unapoangukia, maana ukipotea ni yeye anayefokewa. Macho yangu yalifunzwa kuona mwisho. Mwanzo niliambiwa na meneja, nikaupokea jinsi ulivyo.

Halafu kuna jambo lingine, na hili nilikuficha kwa makusudi. Macho yangu si mazuri. Mwaka 2021, ile kliniki ya macho iliyokuja Vwawa, daktari aliniambia nina presha ya macho. Yaliyokwisha kupotea hayarudi, yaliyobaki yanalindwa kwa matone. Naona kilicho mbele ya pua, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Naona karatasi hii. Nilikuwa naona fimbo yako ikipita chini, naona njia yake vizuri sana. Lakini mpira ukishaondoka unatoka kwenye bomba, na mimi nabaki nakusikiliza wewe ukipaza sauti. Mkaratusi sijauona miaka mitatu. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, usingeondoka.

Jana mchana nilifungua tena madaftari yote tisa. Kila ukurasa unanikubali. Kila mpira ulianzia pale nilipotaka uanzie. Hakuna mpira duniani wenye heshima kiasi hicho, Gwantwa. Nimeelewa ni nani alikuwa na heshima. Sikuulizi kwa nini. Najua nilivyokuwa nauliza.

Sasa sikiliza. Usinitii. Choma barua zangu mbili za mwanzo. Toa kijiti. Piga kwa njia yako ile ya zamani, ambayo hukuwahi kufundishwa na mtu, ilikuja yenyewe. Tibu uso tu. Nami nadhani najua uliharibikia wapi, na uliniandikia mwenyewe Mei, nikapita juu yake. Vishikio vyembamba. Fimbo zako za hapa nilizifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nene kama hindi, kwa sababu vishikio vyake vilikuwa vimekwisha. Mikono yako ilikulia kwenye unene huo. Kwenye kishikio chembamba inageuka upesi, uso unafunga. Ndani ya bahasha hii nimeweka vipande sita vya mpira wa ndani, nimevikata mwenyewe. Muulize Mwalimu Mwila kama sheria inaruhusu. Kama hairuhusu, geuza mkono wa kushoto uwe upande wa kushoto zaidi juu ya kishikio, uone kifundo kimoja cha kidole badala ya vitatu.

Mama yako mkubwa amejaribu simu yako, haipatikani, kama ulivyosema. Nampelekea Roda barua hii mwenyewe leo, kwa pikipiki. Ombeni anapita kesho.

Baba yako mkubwa,
Nathanaeli


Tunduma, 27 Juni 2024

Mzee Mbonile, shikamoo.

Ni mimi Ombeni. Hiki kikaratasi nimempa kondakta wa Kosta akiache kwa Roda. Nimeona ni vizuri ujue kuliko ukae unahesabu siku.

Barua yako bado ninayo, mzee wangu. Iko hapa kwenye dashibodi, nimeiweka juu ya Biblia. Tangu tarehe 21 niko kwenye foleni ya mpakani. Foleni imerudi mpaka kule Mpemba, tunasogea gari mbili kwa siku, jana hatukusogea kabisa. Watu wanafua nguo wanaanika kwenye tela. Mimi tayari nina mchumba wa kuniuzia chapati.

Juzi nilivuka kwa miguu Nakonde kutafuta basi la Kitwe. Kondakta wa kwanza kasema barua isiyo na mwenyewe habebi. Wa pili kasema atabeba, ila kanitazama vibaya, nikaona huyu ataitupa Mpika. Nikarudi nayo. Wenzangu wakaniambia niifungue nipige picha niitume kwa mtu wa klabuni. Nikawaambia, barua ya mtu siifungui, na klabuni simjui mtu ila Gwantwa, na Gwantwa simu yake iko kwenye maji.

Anajua ninakuja. Atakuwa ananisubiri pale getini. Mungu akipenda navuka kesho au keshokutwa, na Nakonde mpaka Kitwe ni siku mbili. Nimejaribu kuhesabu nikaacha.

Nisamehe, mzee.

Ombeni


Kitwe, 30 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Ombeni hajafika. Nilimsubiri getini tarehe 24, 25, 26, 27 na 28. Walinzi walianza kuniita mke wa dereva. Kwa hiyo jana niliingia kwenye mtihani bila jibu lako, na hiki ninachoandika sijui utakipokeaje.

Raundi ya kwanza nilikutii. Kijiti hakiruhusiwi kwenye mtihani, lakini nilikiona kichwani, kinaelekea mti wa pili. Beseni la maji, kulia, kulia. Shimo la tatu: nje ya uzio. Shimo la saba: bwawani, mara mbili. Nilicheza karibu raundi yote kutoka vichakani. Kama nisingekuwa naweka vizuri kwenye shimo ningefika mia. Nilimaliza na themanini na matatu.

Saa sita mchana walitupa nusu saa. Nilikaa chini karibu na bomba la maji. Hesabu ilikuwa rahisi: ili nifaulu raundi ya pili isizidi sabini na matano, na kwenye uwanja huu sijawahi kushuka chini ya sabini na sita. Mwalimu Mwila alikuja kuchukua kadi yangu aisaini. Akaitazama. Akaniuliza, "Asubuhi hii nani amecheza? Wewe, au yule mzee wa kwenye barua?"

Baba mkubwa, nilikasirika kwa ajili yako. Nilitaka kumwambia huyo mzee ana madaftari tisa. Nikafungua mdomo niseme "madaftari tisa," na hapo hapo nikakumbuka yameandikwa nini, na ameyajaza nani.

Unakumbuka ulivyokuwa unauliza? Hukuuliza "umeanzia wapi?" Ulikuwa umeshainamisha kalamu, unasema, "Umeanzia kulia, siyo?" Na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, umenitoa kwenye kuchuma kahawa ya watu ukanipa fimbo. Mpira wa kwanza kabisa, mwaka 2013, niliuona umeanzia kushoto. Nikasema, "Ndiyo, baba mkubwa, kulia." Ukafurahi. Ukaandika. Wa pili nikasema hivyo hivyo. Baadaye sikuona tena kama ni uongo. Nilianza kuamini macho yangu ndiyo mabovu, yako ndiyo mazima, wewe umesimama nyuma yangu na unaona vizuri kuliko mimi. Mwishowe nikaacha kabisa kuangalia mpira ukiondoka. Nilikuwa naangalia uso wako.

Madaftari yale ni ya uongo. Siyo uongo wako. Wangu.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Nilichukua mipira sita nikaenda kwenye kiwanja cha mazoezi, nikajiwekea sharti moja: nisiangalie unapotua. Niangalie pale tu unapoondoka. Wa kwanza ulitoka kushoto, umenyooka kama umesukumwa na kiganja. Nikasimamisha fimbo jinsi ilivyokuwa wakati wa kugonga, nikaiangalia. Uso ulikuwa umetazama kushoto kule kule. Nikaangalia mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya kishikio, vifundo vitatu vinaniangalia. Nikaugeuza mpaka kikabaki kimoja. Sikufikiria njia. Niliiacha fimbo ipite inapotaka.

Ulianzia kulia kidogo. Ukarudi katikati.

Nilipiga minne iliyobaki, mitatu ikafanya hivyo. Wakatuita.

Raundi ya pili sikukutii hata mara moja. Nataka ulijue hilo kwa maneno yangu. Kila nilipofika kwenye mpira nilisikia sauti yako, na kila mara niliiambia, "Samahani, baba mkubwa," nikapiga ninavyoona. Shimo la saba nilivuka bwawa. Shimo la kumi na nne niliharibu, mikono ilirudi kwenye tabia yake, nikapoteza mapigo mawili. Nikakaa chini nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Shimo la mwisho lina uzio kushoto, urefu wote. Nilikuwa na mapigo sabini. Nikipata matano nimefaulu, nikipata sita nimekwisha. Mpira ukitoka nje ya uzio ni sita au saba. Nilisimama muda mrefu mpaka mwenzangu akakohoa. Halafu nikahesabu vifundo. Kimoja. Nikapiga.

Sikuangalia ulipotua. Niliuangalia unapoondoka, na nilijua.

Manne. Sabini na manne. Jumla mia moja hamsini na saba. Pigo moja tu chini ya kikomo, baba mkubwa. Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye majani, na Mwalimu Mwila alisimama pembeni akijifanya anasoma kadi. Akasema, "Jumatatu saa moja na nusu, mayo. Usichelewe, kuna watoto kumi na wawili." Barua ya kibali wataiandika wao.

Nimefaulu, na tangu jana siwezi kula. Nimefaulu kwa kukukataa. Ukisema nikuombe radhi mbele ya watu nitakuja nikuombe.

Mwanao, kama bado,
Gwantwa


Kitwe, 3 Julai 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Ombeni alifika juzi saa nane mchana. Alishuka kwenye lori hata injini hajazima, bahasha mkononi, akasema, "Dada, nimechelewa, najua, nipige." Nilimwambia mtihani umepita na nimefaulu. Alikaa kwenye ngazi ya lori akaweka mikono kichwani.

Barua ya tarehe 20 nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona "ukiwa umekaa" nikiwa tayari nimemaliza ukurasa wa kwanza. Halafu nikakaa. Nimeirudia kila siku. Mahali pa wavu nilicheka, mwambie mama mkubwa nitamnunulia mpya. Mahali pa bomba nilikunja karatasi nikatoka nje. Miaka mitatu, baba mkubwa. Nilikuwa napaza sauti kule chini, "Kulia! Kulia!", nikidhani nakupamba tu, kumbe ndiyo macho pekee uliyokuwa nayo.

Neno lile "Usinitii" umeliandika tarehe 20. Mimi nimelifanya tarehe 29 bila kulisoma. Sijui tulikutana wapi, labda pale pale kwenye foleni Tunduma.

Matone usiyaache. Nimeongea na Ombeni, kila safari atapitia kwa Roda kuuliza kama umeyachukua, na Roda hafichi kitu.

Madaftari tisa usiyachome. Andika juu yake: "Alitaja Gwantwa." Kisha anza la kumi. Mimi nitapiga na kutaja, wewe utasikiliza, na mama mkubwa aandike, kwa sababu ukiandika wewe utainamisha kalamu mapema.

Mwalimu Mwila ameruhusu vipande vya mpira wa baiskeli, ameviangalia akatikisa kichwa, ameniambia nivifunge chini ya vishikio. Nimefunga vyote sita leo asubuhi. Unene ni ule ule, mikono imeutambua mara moja. Najua unasubiri kusikia vilifanya kazi.

Andikeni. Jumatano tarehe 3 Julai, fimbo ndefu, mpira wa kwanza. Ulipoanzia: kushoto. Kushoto kabisa, baba mkubwa. Ulivyopinda: kushoto. Ulipotua: bwawani.

Wa pili naenda kuupiga sasa.

Gwantwa